Mkweche Nao ni Urithi

Neno utamaduni linapotajwa darasani, fikra za wanafunzi wengi hukimbilia ngoma, nyimbo, mavazi, vyungu, vinyago na milango iliyotiwa nakshi. Si kosa lao, ndivyo tulivyowafundisha. Tumewazoesha kuamini kwamba utamaduni ni mambo yaliyokwisha kabla ya kuja kwa mashine, na kwamba chombo chochote chenye injini ni cha wageni, hakituhusu ila kwa matumizi tu. Makala haya yanakusudia kuipinga imani hiyo. Yanadai kwamba gari kuukuu, lile ambalo kwa dharau twaliita mkweche, limekwisha kuwa sehemu ya utamaduni wetu; kwamba namna tunavyoyanunua, tunavyoyauza na tunavyoyatupa magari hayo ni upotevu wa urithi wa taifa; na kwamba lawama ya upotevu huo hatuwezi kumtwika mgeni peke yake.

Tuanze na sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1964 na kurekebishwa mwaka 1979, inavilinda vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Inailinda pia milango na miimo ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Ni sheria njema, nayo imeokoa mengi. Lakini hebu mwanafunzi afanye hesabu ndogo. Gari la Karl Benz lilipewa hataza huko Ujerumani mwaka 1886, yaani miaka 23 baada ya huo mwaka 1863. Kwa kipimo hicho hakuna gari la petroli hata moja, si hapa kwetu wala popote duniani, linaloweza kuhesabiwa kuwa kitu cha kale. Mlango wa nyumba ya tajiri wa mwaka 1930 una mlinzi. Lori lililobeba pamba ya mkulima mwaka huo huo halina. Tarehe hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Ziliwekwa na watu, na watu wanaweza kuzifikiri upya.

Wako watakaosema: gari liliundwa Ulaya au Japani, basi litakuwaje urithi wa Mwafrika? Hoja hii yaelekea kuwa na nguvu, walakini haina mizizi. Kitambaa cha kanga kwa miaka mingi kilipigwa chapa Ulaya, India na Japani kabla viwanda vyetu havijaanza kukitengeneza. Nani leo atathubutu kusema kwamba kanga si yetu? Kanga ilikuwa yetu tangu siku mama zetu walipoiandika methali, wakaitumia kubebea watoto, kutunzana arusini na kusemezana yasiyosemeka kwa mdomo. Mahali kitu kilikozaliwa hapatoshi kuamua ni cha nani. Yafaa tuulize pia watu wamekifanyia nini, na kimewafanya watu hao wawe nini.

Basi tuulize: sisi tumelifanyia nini gari? Nenda Gerezani, Dar es Salaam; nenda barabara ya Kirinyaga, Nairobi; nenda soko la Kisekka, Kampala. Utamkuta fundi anayekata gasketi kwa karatasi ngumu na kuitoboa matundu yake bila ya kipimo kingine ila jicho lake. Utamkuta mwingine anachonga bushi kwa tairi lililokwisha kazi, kama babu zake walivyolikata tairi hilo hilo kufanya katambuga. Wako wanaosubu vyuma, wanaochomelea chesisi iliyokatika, wanaonyoosha bodi iliyobonyea mpaka ikarudi kuwa laini kama yai. Kiwanda kilicholiunda gari kilikadiria kwamba litadumu miaka kadhaa na kisha litanunuliwa jipya. Fundi wetu hakuukubali uamuzi huo. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Naye kwa mikono yake amethibitisha kwamba kukosekana kwa spea si mwisho wa gari. Elimu hii haikuandikwa katika kitabu chochote cha kiwanda. Ilizaliwa hapa, kwa dhiki na kwa akili, ikapokewa na kijana mshika spana kutoka kwa mkubwa wake, kama uhunzi, useremala wa majahazi na uganga wa miti shamba ulivyopokewa.

Pamoja na ufundi huo imezaliwa lugha. Injini huchemsha, nayo ikikosa mafuta hunoki. Betri ikifa gari hushtuliwa kwa kusukumwa. Rejeta huziba, breki hushika au hukataa, difu hulia. Maneno kama klachi, kabureta, plagi, shokapu na giaboksi yameingia katika Kiswahili yakavishwa sauti na viambishi vyetu, na hayakungoja kikao cha wataalamu wa lugha. Hata hilo neno mkweche ni zao la maisha ya barabarani. Gari la kale likitoweka, na fundi wake akifa, maneno haya nayo yataanza kufa. Magari ya kisasa, ambayo ugonjwa wake husomwa kwa kompyuta, hayana kabureta ya kusafisha wala platinamu ya kusugua. Mwalimu wa Kiswahili asidhani kwamba jambo hili ni la mwalimu wa ufundi peke yake.

Historia yetu ya gari ina fahari yake pia. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, yakipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalianza kama tafrija ya walowezi. Lakini njia zetu, yaani tope la masika, vumbi la kiangazi, mito isiyo na madaraja na mawe ya milimani, ziliyageuza yakawa mtihani ulioogopwa na viwanda vya magari vya dunia nzima. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Mwaka 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi na dereva, ambaye watu walimwita Simba wa Kenya. Alishinda pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Naam, mkweche ulivishinda vipya! Singh alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara 5 kati ya mwaka 1973 na 1982.

Sasa na tuulize yako wapi magari hayo. Datsun iliyoshinda mwaka 1970 na ile 240Z iliyoshinda mwaka 1971, zote mbili zikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, zimehifadhiwa na kampuni ya Nissan katika ghala lake la kumbukumbu huko Zama, nchini Japani. Hiyo ya mwaka 1971 ilifufuliwa na wafanyakazi wa kampuni hiyo mwaka 2013. Wajapani hawakuiba kitu. Magari yalikuwa yao, na kuyatunza ni haki yao na sifa yao. Aibu ni yetu. Wao walithamini chombo kilichoshinda, ilhali sisi wenye njia zilizokipa chombo hicho jina hatukuona sababu ya kukumbuka. Mwanafunzi wa Yokohama anaweza kwenda kulitazama gari lililokwaruzwa na mawe ya Afrika ya Mashariki. Mwanafunzi wa Moshi au wa Nakuru alitazame wapi?

Upo upinzani wa pili, nao hauna budi kujibiwa kwa heshima, maana umetoka katika historia ya uchungu. Husemwa kwamba gari ni alama ya anasa na ya utengano wa watu. Baada ya uhuru watu wa Afrika ya Mashariki walibuni neno Wabenzi, kabila lisilo na mila wala mipaka, ambalo wanachama wake hutambulikana kwa gari aina ya Mercedes-Benz. Je, tuhifadhi alama za ubwana huo? Jibu ni kwamba tukikataa kuchagua, historia itajichagulia yenyewe, nayo aghalabu huchagua vitu vya wakubwa. Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, imehifadhi Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere. Ni vyema imehifadhiwa. Lakini gari la mkubwa hupata kwa urahisi mtu wa kulihurumia. Gari la mnyonge huachwa juani.

Yako wapi mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yale ambayo wakazi wa Dar es Salaam waliyaita kumbakumba, yaliyotumiwa na shirika la UDA lililoundwa mwaka 1974? Ni mwanafunzi gani aliyewahi kukalia benchi la chai maharage, yale magari ambayo abiria waliketi wakitazamana, magoti kwa magoti, wakati mabasi ya shirika yalipolemewa? Yafaa tukumbuke pia lori la Nyumbu, lililobuniwa Kibaha na Watanzania wenyewe, na lile gari la Nyayo ambalo Wakenya waliunda mifano yake mitano baada ya mradi kuanzishwa mwaka 1986. Majaribio hayo hayakuleta viwanda vilivyotarajiwa, na kwa sababu hiyo wengine huyataja kwa kicheko. Taifa linalohifadhi ushindi wake tu na kuficha majaribio yake linawafundisha watoto wake kuogopa kujaribu.

Sasa tuje sokoni, maana ndiko urithi huu unakouawa. Maadui wake sokoni ni watatu.

Adui wa kwanza ni mizani ya chuma chakavu. Gari lililosimama uani miaka kumi huuzwa kwa kilo, likakatwa, likayeyushwa, likatoka nondo. Mwenye gari hupata fedha ya wiki mbili. Hatumlaumu mwenye njaa. Twamlaumu mwenye ofisi. Idara na mashirika hupiga mnada magari yao makuukuu kila mara, na katika daftari ya mnada gari huandikwa bovu, basi. Haiandikwi kwamba hilo ndilo gari lililopeleka chanjo vijijini au lililobeba masanduku ya kura. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na hapa kinachopotea ni habari yenyewe.

Adui wa pili ni mchuuzi asiye na uaminifu. Jumuiya ya wapenda magari ya kale imekua katika nchi zetu. Nairobi imekuwa na maonyesho ya umaridadi wa magari tangu miaka ya 1970, na mwaka 2003, miaka 50 baada ya mashindano ya kwanza, yalianzishwa mashindano ya Safari kwa ajili ya magari ya zamani. Jumuiya hiyo ina watu waadilifu wanaotumia mishahara yao na Jumapili zao kuokoa chuma kilichokataliwa. Lakini wamo pia wanaokata magari mawili mazima wapate moja la kuuza. Wanaofuta namba ya chesisi na kugonga nyingine. Wanaotupa kadi ya zamani na kung'oa kibao cha namba kwa sababu mnunuzi anataka kipya. Hawajui, au hawajali, kwamba kibao chenye herufi SU ni ushahidi kwamba gari hilo lilikuwa mali ya shirika la umma. Kuufuta ushahidi huo ni sawa na kurarua ukurasa wa kitabu cha historia ili jalada lake lipendeze.

Adui wa tatu ni bei ya ng'ambo. Magari yetu makuukuu, hasa Land Rover, yana wanunuzi nje. Land Rover ilizinduliwa mwaka 1948, na kwa kuwa chuma cha pua na cha kawaida kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, bodi yake ilifanywa kwa aloi ya alumini isiyoliwa na kutu. Ndiyo maana imedumu katika mwambao wetu wenye chumvi na katika milima yetu yenye ukungu. Mwanzoni mwa mwaka 2016 kiwanda cha Solihull kiliacha kuiunda Defender, mrithi wa ukoo huo, na bei ya zile za zamani ikazidi kupanda. Sheria ya Marekani inaruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingia nchini humo bila ya kufuata kanuni zote za usalama wa magari mapya, na hivyo umri, ambao kwetu ni kasoro, huko umekuwa sifa. Mnunuzi akija na dola, muuzaji hafikiri mara mbili.

Hatusemi biashara ipigwe marufuku. Twasema muuzaji ajue kwamba njia hiyo ni ya kwenda tu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kuundwa; Tanzania hulitoza gari la umri mkubwa ushuru wa ziada. Kanuni hizo zina sababu njema za usalama na za hewa safi, lakini matokeo yake ni haya: gari la kale likitoka, mlango wa kurudia umekwisha kuwa mwembamba. Mjukuu wako akitaka kulirudisha, atatozwa faini kwa kupenda kilichokuwa chake. Usitupe mbachao kwa msala upitao.

Liko jambo la ndani zaidi ambalo wapenda magari wetu wameliiga kutoka nje bila ya kulipima. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, hulitambua gari la kihistoria kwa kuwa na umri usiopungua miaka 30, kutunzwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, na kutotumiwa kwa usafiri wa kila siku. Kwa nchi zenye magari ya ziada kipimo hicho kinafaa. Kwetu kingeyatupa nje magari yale yale yenye historia kubwa zaidi. Land Rover inayopanda milima ya Usambara kila alfajiri na magunia ya kabichi ingekosa sifa kwa sababu bado inafanya kazi! Na ile iliyotiwa injini ya Kijapani na fundi wa Arusha, ikarefushwa chesisi na kufunguliwa paa ili watalii wasimame watazame wanyama, hudharauliwa kuwa si halisi. Halisi ni nini? Ikiwa gari limeishi kiwandani siku chache, na mikononi mwetu miaka 50, ukweli wake uko wapi?

Tazameni Kuba. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1959 na vikwazo vya Marekani, magari ya Kimarekani ya miaka ya 1940 na 1950 yaliendelea kutembea kwa spea za kujitengenezea na kwa injini za dizeli za Kirusi. Mpaka mwaka 2011 magari ya kabla ya mapinduzi ndiyo yaliyoruhusiwa kuuzwa kwa uhuru kati ya raia. Leo watu husafiri kutoka mbali kwenda kuyaona, wala hawaulizi kama kila parafujo ilitoka Detroit. Wanakwenda kutazama ushupavu wa Wakuba. Sisi tuna ushupavu kama huo, lakini tunaupaka rangi ya kiwandani tuufiche.

Tusidhani kwamba watu wetu hawayapendi magari haya. Mwezi Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha la Land Rover, na magari yaliyokusanyika yaliripotiwa kuzidi 1,000. Yalikuja ya wakulima, ya waongoza watalii, ya mapadri na ya wachuuzi. Ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo sherehe na hifadhi ni mambo mawili. Sherehe hukusanya watu kwa siku tatu. Hifadhi hukusanya habari kwa vizazi vitatu. Kila gari lililopita pale lilikuwa na mwaka wake wa kuzaliwa, mmiliki wake wa kwanza, ajali zake na mafundi wake. Habari hizo zikiandikwa, taifa litakuwa na hazina. Zisipoandikwa, tutabaki na picha za bendera na vumbi.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila ofisi ya umma kabla ya mnada itenge angalau gari moja la kila aina na la kila zama, na kulikabidhi kwa makumbusho au chuo cha ufundi pamoja na kumbukumbu zake. Pili, wanaouziana magari ya kale wafanye iwe ada kwamba gari haliuzwi bila ya kadi zake zote, vibao vyake vya zamani na maelezo yaliyoandikwa ya mafundi waliolitunza; na kwamba kabla ya kumpa mgeni, mwenye gari awatangazie kwanza wenzake wa nyumbani. Jumuiya isiyoweza kumkanya mfuta namba ya chesisi isijiite ya wahifadhi. Tatu, tutenganishe magari mawili: lile la kutunzwa lisiguswe, na lile la kuendelea na kazi. La kwanza litatuonyesha gari lilivyokuwa. La pili litatunza mikono inayojua kuliponya, maana gari lililofungiwa kabatini bila ya fundi ni maiti iliyopakwa mafuta.

Nne, na hili ni la walimu na wanafunzi, kazi ianze shuleni, wala haihitaji bajeti. Kila shule ina gereji karibu nayo. Wanafunzi waende na daftari, wamsalimu mzee fundi kwa adabu, wamwulize alifundishwa na nani, gari gani lilimsumbua, kifaa gani alikibuni mwenyewe, na kila kifaa anakiitaje. Wachore bushi ya tairi na gasketi ya karatasi. Waorodheshe maneno na maana zake. Shule mia moja zikifanya hivyo kwa mwaka mmoja, tutakuwa na kamusi ya ufundi na historia ya usafiri iliyoandikwa kutoka chini ya gari, mahali ambapo wanahistoria wetu hawajapata kulala chali.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, nia ilikuwa kuwaondolea Watanganyika kasumba ya kuona haya kwa mambo yao. Kasumba hiyo haijafa. Hapo zamani ilitufanya tuionee haya ngoma. Leo inatufanya tuionee haya bodi iliyobonyea na injini iliyofufuliwa kwa waya na akili. Mzee fundi anazeeka, na mizani ya chuma chakavu haingoji. Anayetaka kumwuliza na amwulize sasa.